Bei ya Kusema Hapana

Kuna swali ambalo wanafunzi wangu huniuliza kila mwaka tukifika kwenye somo la uhuru wa Afrika, na sijawahi kuliona kwenye kitabu chochote cha shule. Wanauliza: "Mwalimu, mbona ni sisi tuliovuka ziwa kuja huku? Mbona wao hawakuvuka kuja kwetu?"

Swali ni la haki. Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960. Tanganyika ikafuata tarehe 9 Desemba 1961, miezi kumi na saba hivi baadaye. Nchi zote mbili zilirithi wasomi wa kuhesabu kwa vidole na jeshi lililoongozwa na maafisa wa Kizungu. Zote mbili zilizaliwa katikati ya Vita Baridi, Marekani huku na Wasovieti kule, kila mmoja akitafuta marafiki kwa nguvu. Ziwa ni lile lile, dagaa ni wale wale, na watu wa Kigoma na wa Baraka walikuwa wakioana na kufanya biashara kabla Mzungu hajachora mstari katikati ya maji. Lakini leo mtoto wa Fizi anazaliwa kambini Kigoma, na mtoto wa Kigoma hazaliwi kambini Fizi.

Majibu ninayoyasikia kwenye foleni ya maji ni mawili. Wengine wanasema Tanzania walipata kiongozi mzuri, sisi tukapata wabaya. Wengine wanasema mali ya Kongo ndiyo laana yetu. Yote mawili yana ukweli wake, ila yanaruka jambo moja ambalo ndilo nataka tulizungumze hapa: nchi dhaifu inaishije kati ya wakubwa wanaogombana. Nasema dhaifu kwa makusudi, maana kwa ardhi Kongo inaizidi Tanzania zaidi ya mara mbili. Udogo ninaouzungumzia ni wa mfuko, wa jeshi na wa sauti.

Vitabuni siasa hii inaitwa kutofungamana na upande wowote. Ukiisikia hivyo unaweza kudhani ni kukaa kimya katikati, kama mtoto ambaye wazazi wake wanagombana. Mimi nikisoma historia ya nchi hizi mbili naona kitu kingine. Kila mkubwa anayekuja na msaada huwa na sharti moja moyoni, hata asipolitamka: yule usimsalimie. Kutofungamana ni kumsalimia yule hata hivyo, halafu kulipa bei yake. Kwa hiyo maswali ya kuuliza ni haya: nani alilipa, alilipa kwa kitu gani, na je, alipewa hata nafasi ya kulipa?

Tuanze na kwetu.

Siku tano tu baada ya uhuru, tarehe 5 Julai 1960, askari wa Force Publique waliasi. Jenerali Janssens, Mbelgiji aliyewaongoza, alikuwa amewaandikia ubaoni kwamba kabla ya uhuru na baada ya uhuru ni sawasawa. Watu waliokuwa wakisubiri vyeo na mishahara waliambiwa hakuna kilichobadilika. Ubelgiji ikatuma majeshi bila kuombwa na serikali, ikisema inakuja kulinda raia wake. Tarehe 11 Julai Moïse Tshombe akatangaza kwamba Katanga imejitenga. Wiki mbili hazijaisha, nchi mpya ilikuwa imepoteza jeshi lake pamoja na jimbo lake tajiri kuliko yote.

Na Katanga haikuwa jimbo la kawaida. Huko ndiko kwenye shaba na kobalti. Huko pia ndiko uliko mgodi wa Shinkolobwe, uliotoa sehemu kubwa ya urani ambayo Marekani ilitumia katika mradi wake wa kutengeneza bomu la atomiki, lile lililoangushwa Hiroshima mwaka 1945. Mkubwa akishapata kitu kama hicho kwenye udongo wako, hawezi tena kukutazama kama jirani wa kawaida.

Watu wengi wanasahau kwamba Waziri Mkuu Lumumba aligonga milango kwa utaratibu. Kwanza yeye na Rais Kasa-Vubu waliomba Umoja wa Mataifa, na tarehe 14 Julai Baraza la Usalama likakubali kutuma askari. Mwisho wa mwezi huo akaenda mwenyewe New York na Washington. Rais Eisenhower hakumpokea. Alikutana na Waziri wa Mambo ya Nje, Herter, akaambiwa msaada upitie Umoja wa Mataifa. Akawarudia Umoja wa Mataifa, nao wakasema askari wao hawawezi kuingilia ugomvi wa ndani, yaani hawatamwondoa Tshombe kwa nguvu. Ndipo mwezi wa Agosti zikaja ndege na malori ya Wasovieti.

Kwa mtu ambaye nyumba yake inaungua, huko ni kuomba ndoo kwa jirani wa tatu baada ya wawili wa kwanza kukataa. Kwa Washington ulikuwa ushahidi kwamba Lumumba ni mkomunisti. Tarehe 5 Septemba Kasa-Vubu akatangaza kumwachisha kazi Lumumba, na Lumumba naye akatangaza kumwachisha Kasa-Vubu. Tarehe 14 Septemba Kanali Mobutu akachukua nafasi, na ubalozi wa Wasovieti ukafukuzwa. Tarehe 17 Januari 1961 Lumumba aliuawa huko Katanga pamoja na wenzake Mpolo na Okito. Mwaka 1975 kamati ya Seneti ya Marekani ilieleza wazi kwamba shirika la ujasusi la nchi hiyo lilikuwa limepanga kumuua kwa sumu. Mwaka 2001 tume ya bunge la Ubelgiji ikasema nchi yao inabeba wajibu wa kimaadili katika kifo kile. Mwaka 2022 Ubelgiji ikarudisha jino lake, kitu pekee kilichobaki cha mwili wake.

Nawaambia wanafunzi: Lumumba hakutajiwa bei. Hakuna aliyemwambia, "ukipokea ndege za Wasovieti tutakata mkopo wa kiasi fulani." Angeambiwa hivyo, pengine angepima. Bei ilipangwa bila yeye kuwapo, na ilikuwa roho yake.

Sasa tuvuke ziwa. Balaa lile lile la askari liligonga Dar es Salaam tarehe 20 Januari 1964, siku nane baada ya mapinduzi ya Zanzibar. Askari wa Tanganyika walitaka mambo yale yale waliyotaka wenzao wa Léopoldville: maafisa Waingereza waondoke na mishahara ipande. Tarehe 25 Januari Mwalimu Nyerere aliwaita Waingereza, wakatua, wakawanyang'anya waasi silaha. Ilikuwa aibu kubwa. Rais wa nchi huru anamwita mkoloni wa juzi aje amnusuru na jeshi lake mwenyewe!

Lakini angalia kilichofuata. Mwezi wa Februari aliwaita mawaziri wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika Dar es Salaam, akaomba askari wa Kiafrika wachukue nafasi ya Waingereza. Nigeria ikatuma kikosi, Waingereza wakaenda zao. Jeshi la zamani likavunjwa, likaundwa jipya. Mgeni alikuja kwa kuitwa, akaondoka kabla hajazoea kitanda. Na tuseme ukweli: hapakuwa na jimbo lenye kampuni kubwa ya kigeni iliyokuwa tayari kulipia bendera ya pili. Tanganyika ilikuwa na katani, pamba na kahawa. Hakuna aliyewahi kutengeneza bomu kwa katani. Umaskini nao ulikuwa ngao.

Mwezi wa Aprili mwaka huo huo Tanganyika na Zanzibar ziliungana, na muungano ule ulileta mtihani wa kwanza mgumu. Wakati ule Ujerumani zilikuwa mbili. Zanzibar ilikuwa imeshaitambua Ujerumani Mashariki. Bara walikuwa marafiki wa Ujerumani Magharibi, iliyokuwa ikiwafundisha marubani na askari wa majini. Ujerumani Magharibi ilikuwa na kanuni iliyoitwa ya Hallstein: ukimtambua mwenzetu wa Mashariki, sisi na wewe basi. Nyerere alitafuta njia ya katikati. Ubalozi wa Ujerumani Mashariki Zanzibar usiwepo tena, bali kuwe na ubalozi mdogo Dar es Salaam, bila kuitambua rasmi kama dola.

Hakuna aliyeridhika. Mapema 1965 Ujerumani Magharibi iliwaondoa wakufunzi wake wa kijeshi ghafla na kutishia misaada iliyobaki. Jibu la Nyerere, naona, ndilo moyo wa hadithi hii yote: kama ni hivyo, chukueni na iliyobaki. Kazi ya kuwafundisha askari ikachukuliwa na Canada, na baadaye Wachina.

Mwaka haujaisha, ukaja mtihani wa pili. Tarehe 11 Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao wenyewe, wachache weupe juu ya wengi weusi. Nchi za Afrika zikakubaliana kwamba Uingereza isipowakomesha kufikia tarehe 15 Desemba, zitavunja uhusiano nayo. Siku ilipofika, nyingi zilitazama chini. Tanzania ikawa miongoni mwa chache zilizotimiza neno, na mkopo wa Uingereza wa pauni milioni 7.5 ukasimamishwa. Kwa nchi ya katani na pamba, hizo hazikuwa hela za kuchezea. Lakini Tanzania haikutoka katika Jumuiya ya Madola, na mwaka 1968 uhusiano ukarudishwa. Mlango ulifungwa, ufunguo haukutupwa ziwani.

Mtu ataniuliza, nguvu hiyo waliitoa wapi? Najibu kwamba hawakuwa na mfadhili mmoja. Mjerumani akiondoka yupo Mkanada; Mwingereza akikasirika wapo Waswidi na wenzao wa kaskazini. Na wananchi waliambiwa mapema kwamba hela ya mgeni si msingi wa kujengea nyumba. Ndilo neno kubwa la Azimio la Arusha la Februari 1967. Zaidi ya hapo, hapakuwa na Tshombe ndani. Simaanishi kwamba ndani kulikuwa peponi. Tangu 1962 kulikuwa na sheria ya kuweka watu kizuizini bila kesi, na walioonja walionja. Umoja wao ulikuwa na kivuli chake. Ila mgeni aliyetaka kuigawa nchi hakupata pa kushika.

Mfano ninaoupenda kuliko yote uko kwenye njia ya kutoka Dar es Salaam kwenda Zambia. Zambia haina bahari. Baada ya Rhodesia kujitangazia uhuru, shaba yake na mafuta yake vikawa mikononi mwa adui. Tanzania na Zambia zikataka reli. Benki ya Dunia ilikuwa imeshapima ikasema haitalipa. Mwaka 1967 Wachina walikubali: mkopo usio na riba, wa kulipwa kwa miaka thelathini, na reli ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Ujenzi ulizinduliwa 1970, reli ikakabidhiwa 1976. Maelfu ya Wachina walifanya kazi bega kwa bega na Watanzania na Wazambia, na waliokufa kazini wamelala kwenye makaburi yao huko Gongo la Mboto hadi leo.

Magharibi walipiga kelele kwamba Tanzania imeshauzwa kwa Wachina. Lakini njia hiyo hiyo ina vitu vingine viwili. Kuna barabara kuu, ambayo Wamarekani walisaidia kuijenga. Chini ya udongo kuna bomba la mafuta, lililojengwa na Waitaliano. Reli ya Mchina, barabara ya Mmarekani, bomba la Mwitaliano, vyote vinaelekea upande mmoja, vikimtumikia Mzambia. Wahenga wanasema mpanda farasi wawili hupasuka msamba. Kweli, ila hapa mwenye safari hakumpanda hata mmoja. Aliwakodi watatu wabebe mizigo yake.

Na msaada wa Wachina nao haukuwa wa bure. Gharama za ndani za ujenzi zililipwa kwa kuuza bidhaa za Kichina madukani. Yaani ulinunua kutoka kwa mkopeshaji ili upate hela ya kujengea kile alichokukopesha. Anayekwambia hana sharti, msome mara mbili.

Hadi hapa msomaji wa Kigoma atafurahi na msomaji wa Fizi atanyamaza. Naomba tusiishie hapo, maana kuna ukurasa unaotuhusu sisi sote wawili, na hausemwi sana.

Mwaka 1964 mashariki ya Kongo iliwaka. Simba waliteka Stanleyville. Mwezi wa Novemba askari wa miavuli wa Ubelgiji waliangushwa pale kutoka ndege za Marekani. Tshombe, yule yule wa Katanga, sasa alikuwa Waziri Mkuu wa Kongo nzima, na mamluki wa Kizungu walikuwa wakimpigania. Tanzania iliwaunga mkono waasi. Silaha zilipita Kigoma. Mwezi wa Aprili 1965 Che Guevara mwenyewe alivuka ziwa kutoka Kigoma usiku na Wakuba wa kwanza, akapanda milima ya kwetu. Baadaye walizidi mia moja. Wazee wa Fizi wanalijua hili kuliko kitabu chochote.

Kisha siasa ikageuka. Tarehe 13 Oktoba 1965 Kasa-Vubu alimwachisha Tshombe. Mwezi huo huo viongozi wa Afrika walikutana Accra, upepo ukawa wa kutoingilia mambo ya jirani. Mamluki walikuwa wameshaingia Baraka na Fizi. Serikali ya Tanzania ikawaambia Wakuba kwamba umefika wakati wa kusimama. Mwezi wa Novemba, usiku, Wakuba walipanda mashua wakarudi Kigoma. Che akakaa ubalozini Dar es Salaam akiandika kumbukumbu zake, na ndani yake alikiri kwamba safari ile ilishindwa. Tarehe 24 Novemba Mobutu alichukua nchi, akakaa nayo miaka 32.

Je, Tanzania ilikosea? Kwa hesabu za Dar es Salaam, hapana. Sababu ya kumpinga Tshombe ilikuwa imeondoka, wakubwa wa Afrika walikuwa wamekubaliana, na mwezi uleule Rhodesia ilikuwa inawaka kusini. Nchi dhaifu haiwezi kubeba moto kwa mikono miwili. Lakini kwa hesabu za kijiji cha Fizi, wageni walikuja wakaacha bunduki, wakaondoka, na mamluki wakabaki na sisi. Hatukuwa mezani Accra. Hapa ndipo inapouma: nchi ndogo nayo, ikipima kati ya wakubwa, huwa mkubwa kwa mtu fulani. Wapiganapo fahari wawili ziumiazo ni nyasi, tunasema. Hatusemi sana kwamba hata ndama akikwepa fahari, anapokanyaga ni kwenye nyasi zile zile.

Nilimsomea ukurasa huu mzee mmoja wa kwetu. Akanisikiliza hadi mwisho, akasema: "Andika. Lakini andika pia kwamba tulipokimbia walitupokea." Naandika. Dar es Salaam ile ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi tangu 1963. FRELIMO ya Msumbiji ilizaliwa pale mwaka 1962, na wengi wa viongozi waliokuja kuwa marais na mawaziri kusini mwa Afrika waliishi pale kama wakimbizi. Mwaka 1983 Nyerere alipewa tuzo ya Nansen kwa ajili ya wakimbizi. Kupokea watu kulikuwa sehemu ya siasa ile ya nje, na nako kulikuwa na bei: Wareno walipiga mabomu vijiji vya kusini, na ardhi na vyakula viligawanywa na wageni. Mambo mawili yanaweza kuwa kweli pamoja.

Siasa ya kusema hapana ilikuwa na kikomo pia. Mwaka 1979 Tanzania ilitoka vitani Uganda mfuko mtupu, mafuta ghali, mazao hayana bei. Shirika la Fedha la Kimataifa likaja na masharti: shushieni shilingi thamani, punguzeni matumizi. Nyerere akakataa miaka ikapita. Waliokuwepo wanakumbuka foleni za sabuni, sukari na unga. Mwaka 1986, Rais akiwa Mwinyi, Tanzania ilisaini. Safari hii bei ilikuwa imewazidi wanaoilipa kila siku, yaani mama anayetafuta sabuni. Kiongozi anayesema hapana lazima ajue ni nani atakayesimama kwenye foleni kwa ajili ya hapana hiyo.

Na Mobutu, aliyesema ndiyo? Alikuwa rafiki wa Washington tangu mwanzo, na mwezi wa Juni 1989 alipokelewa Ikulu ya Marekani na Rais Bush. Ukuta wa Berlin ukaanguka Novemba mwaka huo huo. Wasovieti walipokwisha, kazi yake ikaisha. Misaada ikakatwa, na mwaka 1997 alipokimbia Kinshasa hakuna ndege iliyokuja na askari wa miavuli. Rafiki aliyekupenda kwa sababu ya adui yake, akikosa adui, hakujui. Wengi wetu tulizaliwa au tulivuka ziwa katika vita vilivyofungua ukurasa huo. Bei ya ndiyo ya Mobutu hakuilipa Mobutu peke yake.

Siandiki haya kama hadithi za kale. Wakubwa wamebadilisha majina, mchezo upo. Kobalti ya Katanga sasa inaingia kwenye betri za simu na magari. Tangu mkataba wa 2008, Wachina wamejikita kwenye migodi yetu. Marekani na Ulaya wanasaidia reli ya kuitoa shaba na kobalti hiyo kupitia Angola hadi bandari ya Lobito, na mwezi wa Desemba 2024 Rais Biden alikwenda Angola mwenyewe. Miezi mitatu kabla yake, huko Beijing, Tanzania, Zambia na China walikuwa wameweka saini ya kuifufua TAZARA. Madini yale yale, reli mbili, bahari mbili. Kisha Januari 2025 Goma ikaanguka, Februari ikafuata Bukavu, na tarehe 27 Juni mawaziri wa Kongo na Rwanda wakasaini makubaliano ya amani Washington, na mazungumzo ya madini yakiwa kando yake.

Kambini watu waligawanyika. Wengine walishangilia, wengine wakasema tumeuzwa tena. Mimi sikufanya hata moja. Nilichukua daftari nikaandika maswali ambayo historia hii imenifundisha kuuliza. Kwanza, tumebakiza milango mingapi? Nchi yenye madini kama yetu inaweza kuwakodi wote, kama walivyokodiwa kwenye njia ya Zambia, ila ikiwa mkataba wa huyu haumfungii yule nje. Pili, ndani ya nyumba kuna Tshombe? Maana hakuna mkubwa aliyewahi kuigawa Kongo bila Mkongomani wa kumshikia mlango. Tatu, bei ikija italipwa na nani, na je, ameulizwa?

Swali hili la tatu ni lenu pia, ninyi wafanyakazi wa mashirika mnaotusoma. Mgao wetu wa chakula unapopunguzwa, mara nyingi si kwa sababu ya jambo lililotokea hapa. Ni kwa sababu ya kura au ugomvi katika mji mkuu wa mbali. Mnajua hivyo kuliko sisi, maana barua huanza kwenu. Kambi yenye mfadhili mmoja mkubwa iko kama nchi yenye mfadhili mmoja mkubwa. Shamba dogo nyuma ya nyumba, cherehani, soko la pamoja na wenyeji wa vijiji vya jirani: vitu hivi huandikwa kwenye ripoti kama miradi midogo. Kwetu hivyo ndivyo milango ya ziada. Vikifungwa, hatuna tena kitu cha kusemea hapana.

Mwaka huu mwanafunzi mmoja wa darasa la juu aliniambia anataka kusomea mambo ya nchi za nje, akirudi Kongo akafanye kazi ya ubalozi. Wenzake walicheka, mkimbizi na ubalozi wapi na wapi. Mimi sikucheka. Nilimpa kazi ya nyumbani: chukua ramani, fuata tani moja ya shaba kutoka Kolwezi hadi baharini kwa njia zote mbili, uandike kila mahali inapobadilisha mikono, na nani anabaki na nini. Ukimaliza, andika pia kijiji chenu kiko umbali gani na reli hiyo. Bado hajamaliza. Anasema hesabu ni nyingi, na kwamba kwenye safu ya mwisho, ile ya nani analipa, kila mara jina linalotokea ni la mtu ambaye hakuwepo siku ya kusaini.